Bi Harusi wa Wodi Tano

Mimi ni mtu wa hasira, na nalisema mapema ili asije mtu akadai hakuonywa. Hospitalini kwetu wananiita Bila Breki. Kazi yangu ni kusukuma machela. Namtoa mgonjwa mapokezi nampeleka wodini, namtoa wodini nampeleka upasuaji, na ikishindikana nampeleka kule nyuma ambako hakuna haraka tena. Miaka kumi na tisa nasukuma. Nimesukuma wagonjwa, mitungi, masufuria ya uji, na karibu kila asubuhi nasukuma gari la wagonjwa lenyewe, maana bila kusukumwa haliwaki.

Ila kuna kitu nilikuwa nakisukuma siku moja tu kwa mwaka, tena kwa mbwembwe. Tulikiita Bi Harusi.

Bi Harusi ni troli nyekundu yenye droo tatu. Juu yake kuna mtungi wa oksijeni, mashine ya kufyonza uchafu kooni, tochi kubwa, na mfuko wa kumpulizia hewa mtu aliyekata pumzi, pamoja na barakoa zake, kubwa ya mtu mzima na ndogo ya kichanga, inayoenea kiganjani. Kwa kifupi, ni vitu vyote ambavyo maafa yakitokea wodi inatakiwa iwe navyo. Sheria inasema kila wodi iwe na troli yake. Sisi tuna wodi tano. Troli tulikuwa nayo moja.

Basi mwaka mzima Bi Harusi alikaa stoo, kafunikwa shuka jeupe, kafungiwa kwa kufuli, na ufunguo unaning'inia shingoni mwa mtunza stoo. Huyo bwana ukimwomba kitu cha dharura anakutazama kana kwamba umemwomba figo. "Vifaa vya dharura si vya kutumia ovyo," anasema. "Mkivitumia, siku ya dharura itatukuta hatuna." Nimejaribu miaka yote hiyo kumwelewesha kosa liko wapi katika maneno hayo. Nimeshindwa.

Siku ya ukaguzi ndiyo Bi Harusi alitoka. Mkaguzi anapita korido ya mbele, taratibu, na Daktari Mkuu ubavuni akimsimulia. Anaingia wodi ya kwanza, anakagua troli, anaweka alama kwenye karatasi yake chini ya neno "ipo". Akigeuka tu kutoka, mimi naivuta troli kwa mlango wa nyuma, napita nyuma ya jiko, napita chini ya kamba za dobi, naupiga teke mlango mbovu wa stoo ya mifagio, naibukia wodi ya pili. Mkaguzi akifika anaikuta inamsubiri, imetulia, haina hili wala lile. Hivyo hivyo mpaka ya tano. Kila mwaka tukafaulu. Cheti kilitundikwa ofisini kwa Daktari Mkuu: Hospitali Iliyojiandaa. Na mimi, sitaki kuwadanganya, nilijivuna. Nilikuwa nikisema hospitali nzima hii imejiandaa kwa miguu yangu miwili.

Sasa siku ya ukaguzi wa mwaka huu, alfajiri, mkaza mwana wangu akashikwa na uchungu.

Mimi na huyu binti hatuelewani. Ananiambia naweka chumvi nyingi, mimi namwambia anakunja nguo kama anafunga samaki. Mwanangu ni dereva wa malori, wiki nzima yuko safarini, kwa hiyo tumebaki wawili nyumbani na mjukuu wangu wa miaka minne, ambaye mdomo wake haufungi hata akilala. Mjukuu tukamwacha kwa jirani, tukagombana njia nzima kuja hospitali. Alisahau kanga, nikamwambia amesahau. Akaniambia mimi ndiye niliyepanga mfuko. Ikawa kweli, na hilo likanikera zaidi.

Tulipofika mlango wa wodi ya wazazi akasimama, akanishika mkono. Huyu hajawahi kunishika mkono.

"Mama," akasema, "na huyu asipolia je?"

Nikajua anasema nini. Mjukuu wangu huyo wa kwanza alipozaliwa hakulia. Alitoka kimya, amelegea, rangi imemgeuka. Sista wa wodi ya wazazi akapiga kelele kuomba ule mfuko wa hewa. Nilikuwa koridoni, nikatimua mbio. Kutoka wodi ya wazazi mpaka stoo ni hatua mia mbili na kumi na saba, nimezihesabu baadaye kwa utulivu. Nikafika, kufuli. Mtunza stoo amekwenda kula, na ufunguo uko shingoni mwake, na shingo iko mahali anapojua yeye na tumbo lake. Nikachukua machela, nikarudi nyuma, nikaubamiza mlango wa stoo mara mbili mpaka ukaachia. Nikarudi na mfuko. Zilikuwa dakika nne. Sista akampulizia mtoto, akampulizia, mpaka akalia. Ndiyo siku nilipopewa jina la Bila Breki, pamoja na barua ya onyo kwa kuharibu mlango wa serikali. Mjukuu wangu tangu hapo hajanyamaza, nadhani anafidia zile dakika nne.

"Atalia," nikamwambia mkwe wangu. "Wewe zaa, mengine niachie mimi."

Maneno matamu. Nikaingia ndani kumtafuta Sista.

Sista wa wazazi ni mwanamke mfupi, mnene, mpole mpaka unatamani umtikise. Nikamuuliza, "Sista, zile barua zako za kuomba troli zimefikia wapi?" Maana nilijua ameandika. Alikuwa akiandika kila mwaka tangu siku ile.

Akafungua droo, akatoa faili, akaniwekea mezani majibu matatu. Nikasoma la kwanza: Kwa mujibu wa ripoti ya ukaguzi, wodi yako inayo seti kamili ya dharura. Ombi limekataliwa. Nikasoma la pili. Maneno ni yale yale, wamebadilisha tarehe. La tatu sikulimaliza.

"Ala! Nani kawaambia mnayo?" nikafoka. "Mjinga gani huyo?"

Sista akanitazama tu, kwa ule upole wake.

Mjinga alikuwa mimi. Kila mwaka nilikuwa namletea Sista Bi Harusi mbio mbio, jasho linanitoka, anaweka sahihi, mkaguzi anaandika "ipo", halafu naiondoa. Nilikuwa nawanyima kwa miguu yangu mwenyewe.

"Mimi sikulaumu, mama," Sista akasema. "Hata mimi natia sahihi. Daktari Mkuu anasema tuvumilie, mwaka huu tukifaulu tunapewa gari jipya la wagonjwa."

Saa tatu kamili Daktari Mkuu akatukusanya nyuma ya jiko. Si mtu mbaya yule. Ni mtu mwenye hofu, na hofu ikivaa koti jeupe inafanana sana na akili. "Wenzangu," akasema, "lile gari la wagonjwa tumelisukuma vya kutosha. Leo ndiyo leo. Mtunza stoo atatembea nyuma yetu. Mkaguzi akimaliza wodi, yeye atakohoa mara mbili. Mama, ukisikia kikohozi, unaondoka. Tumeelewana?"

"Na gurudumu moja linalia," mtunza stoo akasema, huku akinikabidhi Bi Harusi kwa uchungu kama baba anayemwoza binti yake. Mpishi akatupa mafuta ya kukaangia, nikalipaka. Likaacha kulia, ila kila nilipopita watu wakaanza kuuliza leo kuna maandazi.

Mkaguzi akashuka kwenye gari. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani minene, penseli sikioni, na ufutio umefungwa kwenye kifungo cha shati kwa uzi. Tabia yake ni kushukuru. Akifunguliwa mlango anashukuru. Akipishwa njia anashukuru. Nilimwona hata akiishukuru mizani ya mapokezi baada ya kujipima.

Wodi ya kwanza, ya dharura, mambo yakaenda kama maji mtungini. Akafungua droo, akahesabu, akaiwasha tochi ikamulika mpaka ukutani. "Ipo. Asanteni sana." Kikohozi mara mbili. Nikaondoka.

Wodi ya wanaume nikafika mapema, nikaiweka troli, nikajibanza nyuma ya pazia. Mkaguzi akaja, akavua miwani ili atazame kwa karibu saa ya kupimia hewa kwenye mtungi wa oksijeni, maana alikuwa mmoja wa wale ambao wakiwa karibu hawaoni na miwani na wakiwa mbali hawaoni bila miwani. Akaiweka juu ya troli. Daktari Mkuu akampeleka dirishani kumwonyesha mahali majeruhi watakapopokelewa siku ya maafa, ingawa pale pana kuku wa mlinzi.

Hapo mgonjwa wa kitanda cha sita akakohoa. Mara mbili.

Wodi ya wanaume! Nusu ya wodi imelazwa kwa sababu ya kikohozi! Nani alipanga ishara hii? Lakini mimi wakati huo sikufikiri, miguu yangu imezoea kutii. Nikatoka na Bi Harusi kama mshale. Nilipofika chini ya kamba za dobi ndipo nilipoiona miwani ya Mkaguzi imekaa juu ya mtungi, inanikodolea macho.

Kurudi siwezi, yeye atakuwa anatoka. Kuitupa siwezi, ya watu. Nikaingia wodi ya wanawake na miwani juu, nimeishiwa nguvu. Nikamwambia muuguzi wa pale, "Dada, leo tumekwisha. Siku ya nyani kufa miti yote huteleza."

Mkaguzi akaja akipapasa mifuko. Daktari Mkuu nyuma yake amebadilika rangi. "Nilikuwa na miwani," Mkaguzi akasema, "sijui nimeiacha wapi." Akaisogelea troli, akainama, mkono ukagusa miwani. Mtunza stoo akafumba macho.

"Aa! Kumbe hii hapa!" Mkaguzi akasema. Akaivaa. "Asanteni sana kwa kunitunzia." Akahesabu droo, akaandika, "Ipo."

Jamani! Mimi nilidhani nitashukuru. Wenzangu walikuwa wanabana kicheko mpaka machozi yanawatoka, Daktari Mkuu anajipepea kwa cheti cha mwaka jana alichokibeba kumwonyesha mgeni. Mimi nikapandwa na hasira ambayo sikujua inatoka wapi. Mzee wa watu ameokota miwani yake kwenye wodi ambayo hajawahi kuingia, naye anasema asante! Hivi ni kitu gani tena tungemfanyia ajue? Mpaka pale nilikuwa nimejificha moyoni nyuma ya matumaini kwamba atagundua mwenyewe, halafu mimi nitabaki sina kosa. Nikaona wazi hakuna atakayegundua. Hata mwakani. Hata mtoto wa kumi akizaliwa kimya.

Wodi ya watoto, tochi ikaanza kuchoka. Ilikuwa imewashwa wodi zote, na betri zake ni za mwaka juzi. Ikatoa mwanga kama wa kiberiti kilicholowa. "Inawaka," Mkaguzi akaandika. Kikohozi. Nikaondoka na Bi Harusi kuelekea wazazi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nikatembea. Mpishi alinichungulia dirishani akaniuliza kama naumwa.

Nilipoingia kwa mlango wa nyuma nikamkuta mkwe wangu anatembea amejishika ukuta, jasho linamtiririka, anapumua kwa mdomo. Akaiona ile troli nyekundu. Akaiona barakoa ndogo imening'inia pembeni. Uso wake wote ukafunguka.

"Umeileta, mama," akasema. "Kweli umeileta." Akaja akaishika nguzo ya chuma ya troli, akaegemeza paji la uso, akalia kidogo kwa faraja. "Sasa siogopi."

Nilimwangalia yule binti anayekunja nguo vibaya, nikajisikia mchafu. Ningemwambiaje kwamba baada ya dakika kumi itarudi kufungiwa? Nampenda. Sikuwa nimejua mpaka pale, na lilinijia wakati mbaya kabisa, maana Daktari Mkuu tayari alikuwa mlangoni akisema, "Na hii ndiyo wodi yetu ya wazazi."

Mkaguzi akaingia. Akamshukuru Sista kwa kumkaribisha. Akafungua droo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akabonyeza tochi. Tochi ikafanya chwi, ikawa nyekundu kidogo ndani, ikazima. Akaitikisa, ikarudi. "Inawaka," akasema. Akachukua penseli sikioni.

"Mzee," nikasema, "usiandike."

Wote wakageuka. Daktari Mkuu akanikazia macho. Mtunza stoo, ambaye ni mwepesi wa kufikiri inapohusu mali yake, akakohoa mara mbili.

"Kohoa mpaka utapike," nikamwambia. "Siondoki."

Bi Harusi ana breki kwenye magurudumu ya nyuma. Miaka yote sikuwahi kuigusa, nilidhani ni mapambo. Nikaikanyaga kwa kisigino mara moja, ikagoma kwa kutu. Nikaikanyaga tena kwa hasira zangu zote, ikaingia. Mtunza stoo akarukia troli akaivuta, haikusogea. Akavuta tena, lile shuka jeupe lililokuwa juu ya troli likamfunika kichwa. Akinamama waliokuwa vitandani wakaanza kucheka, mmoja akasema jamani msinichekeshe, nitazaa kabla ya zamu yangu.

"Kuna tatizo, mama?" Mkaguzi akaniuliza.

"Lipo. Troli hii umeiona mara tano leo, mzee. Ni hii hii. Mimi ndiye ninayeikimbiza huko nyuma. Mwaka jana pia ni mimi, na mwaka juzi. Hatuna tano. Tunayo moja, na inalala stoo chini ya kufuli."

"Mama amechoka," Daktari Mkuu akaingilia haraka, "ana mgonjwa wake hapa, amechanganyikiwa kidogo…"

"Nimechanganyikiwa?" Hapo sasa nikawaka. "Mimi ndiye niliyechanganyikiwa, au ni hospitali inayoficha kifaa cha kumpulizia mtoto hewa isije ikakitumia? Sista ameomba miaka mitatu, wanamjibu anayo! Anayo kwa sababu ya miguu yangu! Daktari, waliotutangulia walisema mficha uchi hazai. Sasa tuko wodi ya wazazi, humu ndani umemficha nani uchi?"

Mkaguzi akavua miwani polepole. Akaitazama. Akaitazama troli.

"Hii miwani," akasema, "niliivua wodi ya wanaume."

"Ndiyo, mzee."

"Nikaiokota wodi ya wanawake."

"Ndiyo."

"Na nikasema asante."

"Ulishukuru sana, mzee."

Yule mzee akakaa kwenye kiti cha Sista. Sikuwahi kumwonea mtu huruma hivyo. "Miaka minane nakagua," akasema kwa sauti ndogo. "Kila hospitali imejiandaa. Nikawa naenda nyumbani namwambia mke wangu, nchi hii ikipata maafa hatuna wasiwasi." Kisha akaushika ule ufutio uliofungwa kifungoni, akaanza kufuta. Akafuta "ipo" ya kwanza. Akafuta ya pili, ya tatu, ya nne. Akapuliza vumbi la ufutio, likatua kwenye koti la Daktari Mkuu, naye hakulipangusa.

"Gari jipya la wagonjwa hamtalipata," Mkaguzi akasema.

"Najua," Daktari Mkuu akajibu.

"Lakini troli nne zitaagizwa, maana sasa ninaweza kuandika kwamba hazipo. Hii moja niandike iko wapi? Nikishaandika, ndipo itakapokaa. Na haifungiwi."

Mtunza stoo akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Stoo," akasema. Hakuna aliyemtazama.

Mimi niliogopa kweli. Kwa haki ya sheria, ikiwa ni moja tu inakaa wodi ya dharura, kila mtu anajua. Daktari Mkuu alifungua mdomo, na nikajua atasema dharura, naye angekuwa sahihi, na mimi ningekuwa nimevunja kila kitu bure. Wakati huo huo uchungu ukambana mkwe wangu. Hakupiga kelele. Aliikumbatia tu ile troli kwa mikono miwili, akafumba macho, na vidole vyake vikawa vyeupe kwenye kile chuma. Daktari Mkuu akamwangalia mpaka uchungu ulipopita. Ilichukua muda.

"Dharura ni jirani na upasuaji," akasema hatimaye, "wakikwama wataazima huko mfuko wa hewa, ni hatua kumi. Hapa ni mbali na kila kitu. Andika hapa."

Mkaguzi akaandika. Safari hii hakushukuru. Daktari Mkuu ndiye aliyeshukuru, sijui kwa nini, halafu akanigeukia mimi akasema, "Na wewe, mama, barua yako ya onyo itakuwa tayari kesho." Nikamwambia aiweke pamoja na ile ya mlango, zitafutiwe bahasha moja. Akacheka. Naapa alicheka.

Wakaondoka. Mtunza stoo akabaki nyuma, akautoa ufunguo shingoni, akautazama kama mjane, akauweka mfukoni. "Mtaichafua," akaniambia. Nikamwambia, "Inshallah."

Saa nane mchana mkwe wangu akaingizwa chumba cha kujifungulia. Mimi nikawekwa nje, maana Sista alisema hasira zangu zitampandisha mtu presha. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Nilisikia Sista akisema sukuma, nikasikia mkwe wangu akiniita mimi, si mama yake, mimi, na nikaishika fremu ya mlango nisiingie.

Halafu akazaliwa. Nilijua amezaliwa kwa sababu wote ndani walinyamaza.

Hakulia.

Miguu yangu ikageuka yenyewe kuelekea koridoni. Nilikuwa nimeshapiga hatua ya kwanza, nikasimama. Sikuwa na pa kwenda. Nyuma yangu nikasikia droo ya pili ikifunguliwa, ile ya pili inakwama kidogo, naijua sauti yake. Nikaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Sista anapuliza. Tatu. Nne. Tano. Mikono yangu ilikuwa mitupu, miaka kumi na tisa haikuwahi kukosa cha kusukuma. Sita. Saba. Nane. Tisa.

Kumi sikuifikia. Akalia mtoto! Akalia kwa ukali, kwa madai, akatukana kila mtu mle ndani kwa lugha yake. Damu yangu kabisa. Nikateleza na ukuta mpaka sakafuni nikalia naye.

Sista akaniita. Nikaingia nikijifuta uso kwa kona ya koti la kazi. Mkwe wangu amelala, nywele zimemganda usoni, kitoto kifuani kimevingirishwa kwenye kanga ya Sista, maana yetu si tulisahau. Bi Harusi amesimama pembeni, droo wazi, shuka hana, barakoa ndogo imelowa.

"Mama," akaniuliza, sauti imekwisha, "leo umekimbia hatua ngapi?"

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamshika mguu juu ya shuka.

"Leo sikukimbia, mwanangu," nikamwambia. "Nilikuwa hapo mlangoni tu."